Huruma na Maarifa: Somo juu ya Kumlea Mtoto wa Paka Aliye Dhaifu





Somo letu la mwezi huu limetokana na swali. Jioni moja ya mwezi wa Juni, katika baridi ya kipupwe hapa Tabora, kijana mmoja anayehudhuria darasa letu aliingia akiwa amefunika kitu chini ya koti lake. Kijana huyu alikuwa bado hajaamua juu ya dini; alikuwa akiuliza na kupima, nasi twamheshimu kila mtu wa namna hiyo, maana kuuliza si ujinga. Alipofunua koti tuliona sanduku dogo la karatasi, na ndani yake watoto wawili wa paka ambao macho yao yalikuwa yameanza tu kufunguka. Mama yao alikuwa amegongwa na gari siku mbili kabla ya hapo. Kijana aliwawekea maziwa ya ng'ombe katika kisahani, hawakujua kunywa. Akawanywesha kwa kijiko, wakaanza kuhara. Akawapa uji mwembamba wa sembe, wakazidi kudhoofika.

Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya mtu afanyaye mzaha: "Mwalimu, nimesoma kwamba mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa ajili ya paka. Je, hawa wakifia mikononi mwangu, nami nitahesabiwa kama yule?"

Ndugu msomaji, swali hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya dini, na ya pili ni ya maarifa ya kazi yenyewe. Mwalimu akiijibu ile ya kwanza na kuiacha ya pili, amempa mwenye njaa mahubiri badala ya chakula. Kwa hiyo katika somo hili tutazieleza zote mbili, na mwishoni tutarudi kwa kijana wetu na sanduku lake.

1. Mafundisho yasemavyo

Habari ya mwanamke yule imepokewa na Maimamu Bukhari na Muslim. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alieleza kwamba alimfungia paka mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie chakula mwenyewe katika wadudu wa ardhi. Angalia kwa makini kosa lilikuwa wapi. Hakuadhibiwa kwa sababu paka alikufa, kwani kila chenye uhai hufa. Aliadhibiwa kwa sababu alichukua mamlaka juu ya kiumbe, kisha akamnyima haki iliyofuatana na mamlaka hayo. Tangu saa ile alipofunga mlango, riziki ya yule paka ilikuwa imewekwa mikononi mwake, naye akaikunja mikono.

Kwa upande wa pili tunayo habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna thawabu hata kwa wanyama, waliambiwa kwamba kwa kila chenye uhai iko thawabu. Nayo Kurani Tukufu, katika Sura Al-An'am, inatufahamisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni jumuiya kama sisi tulivyo.

Juu ya paka hasa, imepokewa katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi kwamba Sahaba Abu Qatada r.a. alikiinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe. Mkwe wake Kabsha alipotazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka nyumbani mwetu. Na Sahaba Abu Huraira r.a., ambaye Hadithi nyingi zimetufikia kwa njia yake, alipata lakabu yake kutokana na paka mdogo aliyekuwa akicheza naye wakati wa kuchunga mbuzi wa watu wake.

Basi kumshughulikia mtoto wa paka si mchezo wa kitoto wala si kupoteza wakati wa ibada. Lakini dini hiyo hiyo inatukataza kufuata jambo tusilo na ujuzi nalo. Huruma yapasa iongozwe na maarifa, kwa sababu huruma isiyojua yaweza kuua upesi kuliko ukatili.

2. Kosa langu mwenyewe

Nasema haya si kwa kusikia tu. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini huko Punjab, usiku mmoja wa mwanzo wa majira ya baridi, nilimwokota mtoto wa paka nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa bado yamefumba, na mwili wake ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Nilifurahi kwamba nimepata nafasi ya kutenda wema. Nilichukua maziwa ya nyati wa kufugwa yaliyokuwa yamelala usiku, nikamlaza chali katika kiganja kama mtoto wa binadamu, nikammiminia kwa kijiko. Maziwa yakatoka puani. Nikadhani ameshiba. Kabla ya Sala ya Alfajiri alikuwa amekwisha kufa.

Mwalimu wangu, mzee mwenye maneno machache, aliniambia: "Huruma yako Mwenyezi Mungu ameiona. Sasa nenda ukajifunze, ili mwingine asife kwa huruma hiyo hiyo." Niliyojifunza baada ya hapo ndiyo nitakayokueleza, ndugu msomaji. Utaona kwamba katika usiku ule mmoja nilifanya makosa manne: nilimlisha akiwa baridi, nilimpa maziwa yasiyomfaa, nilimlaza chali, na nilimmiminia kwa haraka.

3. Kabla ya kumchukua

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kweli hana mama. Paka mwenye watoto huwaacha peke yao kwa saa kadhaa akienda kuwinda, au huwahamisha mmoja mmoja. Ukiwaona watoto wametulia, wana joto na matumbo yamejaa, kaa mbali ungoje. Si kweli kwamba mama atawakataa kwa sababu tu mkono wa mtu umewagusa. Maziwa ya mama hayana badala iliyo sawa nayo, hasa yale ya saa za kwanza, kwa kuwa yana kinga dhidi ya maradhi. Kama mama amekufa, uliza majirani: pengine yuko paka mwingine anyonyeshaye, na mara nyingi hukubali kumpokea yatima. Ukimkosa huyo, ndipo mzigo unakuwa wako.

Kuujua umri wake kutakusaidia. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na uzito wa gramu 100 hivi, kipofu na kiziwi. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno madogo ya mbele hutokeza kama juma la tatu, na wakati huo huanza kutembea kwa kuyumba. Anayelelewa vizuri huongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni ni rafiki mkubwa wa mlezi. Mpime kila siku saa ile ile, uandike. Siku ambayo uzito haukuongezeka ni onyo. Siku ambayo umepungua ni hatari.

Watoto wa yule kijana, ambao niliwakadiria kuwa wa siku 9 au 10, tuliwapima wakawa gramu 140 na gramu 115. Kwa umri huo ilitazamiwa wakaribie gramu 200. Yule mdogo alikuwa amelegea, na nilipoingiza ncha ya kidole kinywani mwake, kinywa kilikuwa baridi.

4. Kwanza joto, kisha chakula

Hii ndiyo kanuni ambayo msomaji asiisahau hata akisahau mengine yote: mtoto wa paka aliye baridi asilishwe.

Sababu yake ni hii. Katika siku zake za kwanza mtoto wa paka hawezi hata kutetemeka ili ajipatie joto; hutegemea mwili wa mama na wa ndugu zake. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35, matumbo husimama kufanya kazi. Maziwa yatakayoingia hayatasagwa, bali yatakaa na kuchacha. Tena nguvu ya kumeza hupungua, na maziwa huweza kuingia katika mapafu. Ndiyo maana mwenye kumpa chakula aliye baridi humwongezea maradhi badala ya uhai.

Umtie joto polepole, kwa muda wa saa moja hadi tatu. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa kizito, uiweke upande mmoja wa sanduku tu, ili mtoto aweze kusogea mbali akiona joto limezidi. Usimweke karibu na moto wala juu ya jiko, maana ngozi yake huungua upesi. Waweza pia kumweka kifuani pako chini ya nguo. Katika juma la kwanza mahali alalapo pahitaji digrii 30 hadi 32, kisha punguza kidogo kidogo mpaka kufikia digrii 24 hivi katika juma la tano. Maji ya chupa yabadilishwe kabla hayajapoa, kwa kuwa chupa iliyopoa humnyang'anya mtoto joto lake.

Akiwa amelegea sana, mpake tone moja la maji ya sukari katika ufizi wakati unamtia joto. Watoto hawa hawana akiba ya sukari mwilini, na tone hilo laweza kumshikilia mpaka awe tayari kunyonya.

5. Maziwa gani, kiasi gani, na kwa namna gani

Watu wengi hudhani kwamba paka na maziwa ya ng'ombe wameumbwa kwa ajili ya kila mmoja. Sivyo. Maziwa ya paka yana protini takriban mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na mafuta yake ni mengi zaidi. Maziwa ya ng'ombe yakiwa peke yake hayamtoshi kwa nguvu, na sukari yake humharisha. Mtoto anayehara hupoteza maji, na kwa mwenye gramu 140, maji kidogo yakipotea ni mengi. Uji wa nafaka nao hufaa kujaza tumbo tu, hauujengi mwili wake.

Kilicho bora ni unga wa maziwa uliotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, ambao hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo mijini. Ukikosekana, wataalamu wameruhusu mchanganyiko wa dharura: mililita 240 za maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, yaliyochemshwa na kupozwa, viini 2 vya mayai bila ute, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Vikorogwe vizuri na kuchujwa. Mchanganyiko huu ni wa siku moja au mbili tu, wakati unatafuta kilicho bora. Uhifadhiwe mahali pa baridi, na baada ya siku moja umwagwe.

Kiasi chake kifuate uzito. Kwa kila gramu 100 za mwili, mpe mililita 20 hadi 25 kwa siku nzima, zikiwa zimegawanywa. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo mlo mmoja usizidi mililita 4 hivi kwa kila gramu 100. Katika juma la kwanza alishwe kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Katika juma la pili kila baada ya saa 3 au 4. Na kuanzia juma la tatu kila baada ya saa 4 hadi 6.

Ama namna ya kumlisha, tumia chupa ndogo yenye chuchu, au bomba dogo la sindano lisilo na sindano, likiwa safi na lililochemshwa. Maziwa yawe na uvuguvugu kama wa mwili. Mtoto alale kifudifudi juu ya kitambaa, kichwa kikiwa kimenyooka mbele, kama vile angekuwa akinyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kamwe. Tia tone, ngoja ameze, tia jingine. Yakitoka puani, acha mara moja, inamisha kichwa chake chini, ufute pua, umwache apumzike. Ikiwa baadaye anapumua kwa shida au kwa sauti ya kukoroma, huenda maziwa yameingia mapafuni, naye ahitaji daktari siku hiyo hiyo. Na ikiwa hana nguvu hata ya kunyonya kidole, usimmiminie chochote. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, ambaye anao mpira mwembamba wa kufikishia maziwa tumboni.

6. Jambo ambalo wengi hawalijui

Mtoto wa paka wa majuma matatu ya kwanza hawezi kukojoa wala kwenda choo mwenyewe. Mama yake humlamba ili mwili upate kuachia. Walezi wengi wamewalisha yatima wao vizuri, kisha wakawapoteza kwa kutolijua hili. Kila baada ya mlo, chukua pamba au kitambaa laini kilicholowanishwa kwa maji ya uvuguvugu, umpanguse taratibu sehemu ya nyuma mpaka akojoe. Mkojo ulio mweupe-mweupe ni dalili njema. Ulio wa manjano iliyokolea waonyesha kwamba maji yamepungua mwilini. Kinyesi chema ni laini, chenye rangi ya manjano au kahawia. Kikiwa majimaji, kwanza punguza kiasi cha kila mlo, maana kushibisha kupita kiasi ni sababu kubwa ya kuhara, na kwa milo miwili au mitatu uyafanye maziwa kuwa mepesi kwa kuongeza maji yaliyochemshwa. Kuhara kusikokoma kwa siku moja, au kwenye damu, ni kazi ya daktari.

7. Maradhi ya kawaida

Viroboto huonekana kama usumbufu mdogo, lakini kwa mtoto wa paka huweza kunyonya damu hata akafa. Tazama ufizi wake: ukiwa mweupe badala ya kuwa mwekundu kidogo, damu imepungua. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu-karibu, ukikichovya katika maji ya sabuni. Akiwa ameshapata nguvu waweza kumwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha umkaushe upesi na kumtia joto. Usitumie dawa ya viroboto ya mbwa, wala dawa ya wadudu ya shambani au ya nyumbani. Dawa zenye pamethrini, ambazo mbwa huzistahimili, humuua paka.

Kadhalika dawa zetu wenyewe. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja dawa nyingi ambazo mwili wa binadamu huzivunja. Kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumuua paka mzima, sembuse mtoto. Kusema "ni dawa, haitadhuru" ni huruma ile ile isiyo na maarifa.

Macho yaliyoshikana kwa usaha yapanguswe kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, kutoka pembe ya ndani kwenda nje, kila jicho kwa pamba yake. Usiyafungue kwa nguvu. Yakiendelea, daktari atatoa marhamu. Mafua nayo yana hatari ya pekee, kwa kuwa paka hula kwa pua kwanza: asiponusa chakula hakitamani. Yule ambaye ameshaanza kula apanguswe pua, na chakula chake kipashwe moto kidogo ili harufu ipande.

Minyoo huweza kupita katika maziwa ya mama, na dalili yake ni tumbo kubwa juu ya mwili mwembamba. Daktari huweza kuanza dawa tangu juma la pili au la tatu, na kuirudia kila baada ya majuma mawili. Kisha chanjo huanza kati ya juma la 6 na la 8 na kurudiwa mpaka majuma 16 au zaidi, hasa kwa ajili ya ugonjwa mkali wa kutapika na kuhara ambao huwaua watoto wengi wa paka. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa afikapo miezi mitatu.

Na mlezi asijisahau mwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo. Mama mjamzito asishughulike na kinyesi cha paka, kwa kuwa huweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Ukiumwa au kuparuzwa na paka usiyemjua, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali bila kukawia.

8. Kumwachisha maziwa

Afikapo juma la nne, mwanzishie chakula laini: nyama au samaki aliyepikwa, aliyeondolewa miiba, akapondwa na kuchanganywa na maziwa yake. Usitie chumvi wala vitunguu, kwani vitunguu huharibu damu ya paka. Muwekee maji safi katika kisahani, na mchanga katika sanduku la chini, naye kwa maumbile yake atajifunza kufukua.

Yafaa ifahamike kwamba paka ni mla nyama kwa umbile, si kwa tamaa. Katika mwaka 1975 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba paka anayekosa kitu kiitwacho taurini huharibika macho, na mwaka 1987 wakaonyesha kwamba moyo wake pia hudhoofika. Taurini imo katika nyama na samaki, haimo katika mahindi wala mihogo. Basi anayemlisha paka ugali mtupu asishangae akimwona anaiba jikoni. Dagaa wachache waliopikwa bila chumvi ni haki yake, si anasa.

9. Jawabu kwa kijana

Sasa turudi kwenye sanduku. Usiku ule tuliwatia joto kwa saa mbili kabla ya tone la kwanza. Yule mkubwa alinyonya. Mdogo alinyonya kidogo. Kijana akawachukua, akajipangia saa: baada ya Isha, usiku wa manane, kabla ya alfajiri, na kuendelea mchana kutwa. Asubuhi yake alimpata daktari wa mifugo, naye unga wa maziwa ukapatikana. Siku ya pili mdogo aliongezeka gramu 3, naye kijana alifurahi kama aliyepata mshahara. Usiku wa tatu akafa, katika kiganja chake, akiwa na joto na tone la maziwa mdomoni.

Alikuja kabla ya jua kuchomoza. Hakuuliza kwa maneno, lakini nililiona swali lake la kwanza limerudi usoni. Nikamwambia: "Kijana wangu, mwanamke yule alifunga mlango akalala. Wewe uliufungua mlango, ukakesha. Uhai haukuwa amana yako, uangalizi ndio uliokuwa amana yako, nawe umeirudisha kamili. Kilichobaki si chetu." Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba katika siku tatu hizo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa akiisikia adhana ya alfajiri akiwa macho. Nami sikuongeza neno, kwa kuwa saa ya kumlisha yule aliyebaki ilikuwa imefika.

Aliyebaki alifikia gramu 700 mwishoni mwa juma la nane. Leo analinda ghala la mahindi la mama wa yule kijana, na panya wa mtaa ule wanazo habari zake.

Ndugu msomaji, Mtume Mtukufu s.a.w. alimfundisha Mbedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Joto, maziwa yafaayo, kumlaza kifudifudi, kitambaa cha uvuguvugu, mizani na daktari, hizo ndizo kamba za kumfungia ngamia huyu mdogo. Mwenye kuziacha kwa uvivu, kisha akasema "ni kudura", amemsingizia Mungu uzembe wake. Na mwenye kuzitumia zote, kisha akapoteza, asijilaumu, bali aseme kuwa sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea, kisha amwendee yule aliye hai.

Mwenyezi Mungu atujalie nyoyo zenye huruma kwa viumbe Vyake vyote, na atuzidishie elimu ya kuitumia huruma hiyo. Amin.